Miaka 15 Jela, au Kipimo cha Saa Kumi Alfajiri?

Tangu kitoke kile kipindi chetu cha usafiri wa nyumbani, ujumbe mnaotutumia umekuwa na wimbo mmoja. Dereva wa matatu akishikwa amelewa, afungwe maisha. Mmoja wenu ameandika "akaozee ndani." Mwingine anataka na mwenye gari afungwe pamoja naye (huyu nitamrudia, kwa sababu amelikaribia sana jambo lenyewe). Na karibu kila ujumbe unamalizia vilevile: huku Marekani hakuna mchezo, kule kwetu ndiko kwenye ulegevu.

Mimi nataka kubishana kidogo. Kwamba dereva mlevi ana kosa, hapo hatuna ugomvi. Mtu aliyebeba roho za watu hamsini huku kichwa kimejaa pombe ana kesi ya kujibu hata kama hajamgonga mtu. Ninachobisha ni hii imani kwamba Marekani imefika ilipofika kwa sababu ya ukali wa jela. Jela ya miaka mingi ilikuwepo, na watu wakafa vilevile. Kilicholeta tofauti ni kitu kidogo, cha kuchosha, ambacho babangu amekifanya mara nisizoweza kuzihesabu: kupuliza kwenye kifaa kabla jua halijachomoza.

Tuanze na sheria yenyewe. Mimi ni mfamasia, si wakili, lakini hii ni fupi, unaimaliza kabla chai haijapoa. Iko katika sheria za jinai za serikali kuu ya Marekani, fungu la 18, kifungu cha 342. Anayeendesha chombo cha usafiri wa umma akiwa ameathiriwa na pombe au dawa iliyodhibitiwa anaweza kufungwa hadi miaka 15, au kutozwa faini, au vyote viwili. Vyombo vyenyewe ni treni, ndege, meli, na mabasi yanayosafirisha abiria kuvuka majimbo. Basi la mjini linaangukia zaidi kwenye sheria za jimbo. Angalia kwamba si lazima iwe ajali. Kule kuendesha tu ukiwa umelewa ndilo kosa. Bunge la Congress liliipitisha mwaka 1986 kifungo kikiwa miaka 5, na mwaka 1988 likaipandisha hadi 15.

Nawaomba mshike huo mwaka 1988.

Usiku wa kuamkia tarehe 28 Agosti 1991, treni ya chini ya ardhi ya New York, laini ya namba 4, ilikuwa inaelekea kusini kwenda Union Square. Tayari ilikuwa imepitiliza vituo njiani. Mwendo wake ulizidi maili 40 kwa saa mahali pa kubadilisha njia ambapo inatakiwa maili 10. Mabehewa yakaacha reli, yakagonga nguzo za chuma zinazoshikilia dari la handaki. Watu watano walikufa, zaidi ya mia moja na hamsini wakaumia. Dereva aliondoka pale kwa miguu. Walipompata saa kadhaa baadaye na kumpima, damu yake bado ilikuwa na pombe ya asilimia 0.21. Huku dereva wa gari la kawaida anakuwa na kosa akifika 0.08.

Alishtakiwa kwa sheria ya jimbo la New York, akatiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, akahukumiwa miaka 5 hadi 15. Jela ilifanya kazi yake. Ila ilifika baada ya watu watano kuzikwa, na kila onyo lililoweza kutolewa na ile sheria ya 1988 lilikuwa limeshatolewa miaka mitatu nyuma. Mlevi hasomi sheria. Anapopanda kwenye kiti cha dereva hajiulizi kama ni miaka mitano au kumi na mitano. Anajiuliza kama kuna mtu atamnusa.

Na sehemu inayoniuma zaidi ni hii. Serikali kuu ilikuwa imeshaandika kanuni za kuwapima madereva wa mabasi na treni za mijini. Vyama vya wafanyakazi vikaenda mahakamani, na mwaka 1990 mahakama ya rufaa ya Washington ikazifuta, ikisema Congress haijaipa idara hiyo mamlaka ya kutoa amri kama hizo. Kwa hiyo usiku ule wa Agosti, wakati kifungo cha kutisha kilikuwa kimekaa kwenye vitabu, kanuni ya kupima haikuwepo. Baada ya ajali Congress haikuongeza miaka ya jela. Oktoba 1991, miezi miwili tu baadaye, ilipitishwa sheria ya kuwapima wafanyakazi wa usafiri: marubani, madereva wa treni, mabasi na malori. Hiyo ndiyo iliyofika mpaka kwenye maisha ya babangu.

Baba ni mtu wa Mombasa, Mji wa Kale, na amekuwa dereva wa basi la mjini hapa Minnesota miaka kumi na tisa. Hajawahi kuonja pombe maishani mwake. Hata dawa ya kusukutua mdomo anaangalia kibandiko kabla ya kununua, maana nyingine zina pombe ndani. Na bado, akiripoti kazini saa kumi alfajiri, kuna siku msimamizi anamngoja mlangoni na karatasi: leo jina lako limetoka. Kompyuta imechagua. Haulizwi kama yeye ni mswalihina au la. Anaenda moja kwa moja anapuliza, au anatoa mkojo, au vyote. Akikataa, anahesabiwa sawa na aliyeshindwa kipimo.

Miaka ya mwanzo alikuwa anakasirika. Mamangu anasimulia alivyorudi nyumbani siku ya kwanza, amenuna, anasema wamemvunjia heshima mtu mzima mwenye watoto. Sasa hata hazungumzii. Ni kama kuangalia matairi.

Mnaotaka kujua kiwango: kwa dereva wa leseni ya kibiashara, hii tunayoiita CDL, mwisho ni 0.04, nusu ya kile cha dereva wa kawaida katika majimbo karibu yote. Ukipatikana na 0.02 au 0.03 bado unawekwa kando kwanza, huligusi basi. Saa nne kabla ya zamu hutakiwi kunywa kabisa. Na kwa viwango vya miaka ya karibuni, kampuni za mabasi ya mijini zinatakiwa kila mwaka zifanye vipimo vya ghafla vya pombe visivyopungua asilimia 10 ya wafanyakazi wao wa kazi za hatari, na vya dawa za kulevya asilimia 50. Kwa hiyo kila dereva anajua kwamba zamu yake itafika, hajui tu ni lini.

Hapa niweke jambo moja pembeni, maana najua wasomaji wangu. Kiswahili kina neno zuri, kilevi, linalobeba pombe, bangi na vingine vyote kwa mpigo, na sheria hii inafikiri hivyohivyo. Bangi ni halali kwa watu wazima hapa Minnesota tangu Agosti 2023, lakini kwa dereva wa basi haijabadilika kitu, kipimo cha serikali kuu bado kinaitafuta. Na miraa, ambayo nyumbani ni zao halali na inauzwa kwenye kibanda mchana kweupe, ikiwa mbichi ina kathinoni. Huku kathinoni imewekwa daraja la kwanza la dawa zilizodhibitiwa, kundi moja na heroini. Mjomba akikwambia "hii si kilevi, ni majani tu ya kukesha," mwambie sheria ya Marekani haikubaliani naye. Basi, nimemaliza.

Turudi. Mtanijibu: lakini hao marubani walifungwa, na wengine wakaogopa. Kweli, wapo. Kesi maarufu ni ya Machi 1990. Marubani watatu wa Northwest waliruka kutoka Fargo, North Dakota, hadi Minneapolis asubuhi, baada ya usiku mrefu kwenye baa. Walikamatwa baada ya kutua. Rubani mkuu, Lyle Prouse, alikuwa na 0.13. Walikuwa marubani wa kwanza wa shirika la ndege kutiwa hatiani kwa ile sheria ya 1986. Prouse alipewa miezi 16, wenzake miezi 12 kila mmoja. Hapo utasema: sawa, sheria imeng'ata.

Sasa sikiliza kilichofuata. Prouse alitumikia kifungo, akaacha pombe, akaanza upya kutafuta leseni zake zote kama mtu ambaye hajawahi kuruka. Shirika lilelile likamrudisha kazini, na alistaafu akiwa rubani mkuu wa Boeing 747. Januari 2001 Rais Clinton akampa msamaha. Mimi sitoi hadithi hii ili tulie. Ninachoona ni kwamba yule mtu alikuwa mgonjwa wa pombe kwa miaka, akibeba abiria kwa miaka, na mtu wa kwanza kumzuia alikuwa polisi. Hao polisi wenyewe walifika kwa sababu mtu mmoja pale baa alipiga simu. Miaka yote hiyo, wenzake wa kazini walikuwa wapi?

Miami, Julai 2002, ni hivyohivyo. Marubani wawili wa America West walikuwa wamekaa baa hadi karibu saa kumi na moja alfajiri, na ndege yao ni ya asubuhi ileile. Walionusa harufu ni wakaguzi wa usalama pale uwanjani. Ndege ikaamriwa irudi kabla haijaruka, abiria wote wakapona. Kunusa kulichukua dakika. Kuwafunga kulichukua miaka mitatu, kwa sababu walipimwa wakawa chini ya 0.10, kiwango ambacho sheria ya serikali kuu wakati ule ilikitumia kumhesabu mtu kuwa amelewa, kwa hiyo mawakili wakabishana kama jimbo la Florida lina haki ya kuwashtaki. Halafu wakabishana kama kuvutwa na trekta la uwanjani ni "kuendesha" ndege. Mwaka 2005 mmoja akapata miaka 5, mwingine miwili na nusu. Walistahili, sina la kuongeza. Lakini waliowaokoa abiria ni watu wa mshahara mdogo wenye pua nzima na ruhusa ya kusema.

Ruhusa ya kusema ndiyo hoja yangu hasa.

Ipo habari ya rafiki yake Baba, dereva mwenzake, ambaye sisi watoto tulimwita Ami ingawa hatuna udugu wa damu. Mkewe alipofariki alianza kunywa. Asubuhi moja jina lake likatoka, akapuliza, ikasoma 0.05. Hakuna polisi aliyekuja, wala gazeti halikuandika. Aliondolewa kwenye usukani palepale, akapelekwa kwa mtaalamu wa mambo ya ulevi, akapewa matibabu, akapimwa tena kabla ya kurudi kazini. Kanuni zinataka anayerudi apimwe kwa ghafla angalau mara sita katika miezi kumi na miwili ya kwanza, na anaweza kuendelea kufuatiliwa hadi miaka mitano. Kampuni ingeweza kumfukuza, haikumfukuza. Anaendesha hadi leo.

Niliwahi kumuuliza Baba kama alijua. Alinyamaza kwanza, halafu akasema alikuwa anashuku. "Mwanangu, lau mwisho wake ungekuwa jela, nisingefungua mdomo. Nani anamtia mfiwa jela?" Kwa mpango huu wa kutibiwa na kurudi, alisema, mtu anaweza angalau kumwambia mwenzake: nenda kajiseme mwenyewe, kabla jina halijatoka. Hilo halimo kwenye vifungu vya sheria, lakini ndivyo karakana ya mabasi inavyoishi.

Sasa twende nyumbani, na nitasema Kenya kwa sababu ndiko ninakokujua. Si kweli kwamba hakuna adhabu. Sheria ya Trafiki, kifungu cha 44, inasema anayeendesha akiwa amelewa kiasi cha kushindwa kulidhibiti gari anaweza kutozwa hadi shilingi 100,000, au jela hadi miaka miwili, au vyote. Kwa dereva wa matatu shilingi laki moja ni fedha nyingi mno. Alcoblow nayo ilikuja, wengi wenu mnakumbuka kelele zake za mwisho wa mwaka 2013. Ikafika Mahakama ya Rufaa, na Januari 2017 majaji wakasema kanuni zilizokuwa zikiitegemeza haziendani na Sheria ya Trafiki. Yaani ni kama Washington ya 1990: kipimo kiliangukia kwenye kasoro ya kuandika sheria, si kwenye upole wa adhabu.

Halafu angalia Alcoblow ilikuwa inasimama wapi. Mara nyingi ni usiku, barabara za kutoka kwenye baa, ikimngoja mwenye gari lake binafsi. Ni sawa, naye ashikwe. Lakini matatu ya kwanza inatoka stendi alfajiri, na pale stendi hakuna anayempulizisha dereva kitu. Hakuna karatasi wala kompyuta inayochagua jina. Ikiwa alikunywa mpaka saa nane usiku, kizuizi chake cha kwanza ni lori lililo mbele yake.

Na kwa nini yuko hivyo? Anaamka alfajiri, anafunga kazi saa tano usiku. Hana mshahara, ana hesabu ya kumpelekea mwenye gari kila jioni, na chake ni kinachobaki. Miraa inamfungua macho mchana, pombe inamfumba usiku apate usingizi. Kanuni za Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilitaka madereva na makanga waajiriwe kwa mshahara wa mwezi. Mikanda ilifungwa, mstari wa njano ukapakwa ubavuni, vidhibiti mwendo vikatiwa. Hilo la mshahara ndilo lililopuuzwa, kwa sababu halipakwi rangi.

Ndiyo maana yule msomaji anayetaka mwenye gari afungwe pamoja na dereva alinifurahisha, hata kama sikubali kufunga watu ovyo. Kwa sababu, jamani, wenye magari ni akina nani? Fanyeni hesabu ndani ya familia zenu. Ni wangapi kati yetu wana baba, shangazi, binamu huku ughaibuni aliyetuma pesa ikanunua matatu "ya kusaidia nyumbani"? Wanaosema akaozee ndani ndio haohao wanaopokea M-Pesa ya dereva kila jioni, na isipofika kamili wanapiga simu wakifoka.

Mimi ninaye ami yangu, huyu wa damu, anakaa Texas, ana minibasi inayokwenda Mtwapa. Mwezi uliopita nilimuuliza mambo matatu kwenye simu. Dereva wako analipwaje? Anafanya kazi saa ngapi kwa siku? Umewahi kumpima, au sacco imewahi? La kwanza alilijibu: hesabu kwa siku. La pili alisema inategemea. La tatu alicheka, akasema, "Wewe mwanangu, mimi niko Texas, nitampima vipi?" Nikamwambia kifaa kidogo cha kupuliza kinanunulika, kikae na msimamizi pale stendi, majina yavutwe asubuhi bila kupangwa, na atakayepatikana asimamishwe kwa malipo ya nusu huku anatibiwa, ili mwenzake asiogope kumsema. Na ampe mshahara, hata mdogo, ili akisimamishwa watoto wasilale njaa. Alisema gari haliwezi kubeba gharama zote hizo. Nikamuuliza bima imempandia kiasi gani tangu ile ajali ndogo ya mwaka juzi, na simu ikaanza kukatikakatika, mnajua zinavyokatika.

Amesema atazungumza na mwenyekiti wa sacco akienda Disemba. Nimeshamtumia kifaa, kiko kwenye sanduku lake la safari, kimefungwa ndani ya taulo.